Data ya Seva Ndani ya Skripti

Ukurasa wa wavuti huandaliwa na seva, yaani kompyuta inayohifadhi taarifa, kisha hufunguliwa na kivinjari kilichomo katika simu au kompyuta ya msomaji. Seva hutumia kiolezo, ambacho ni maandishi ya HTML yenye nafasi wazi za kujazwa jina la mteja au salio lake. Lakini ukurasa ukishatumwa, kiolezo hakipo tena, na skripti za JavaScript zinazotekelezwa kwenye kivinjari haziwezi kukiuliza chochote. Data wanayotaka skripti hizo ziwe nayo tangu mwanzo, wasanidi hawana budi kuisafirisha pamoja na ukurasa wenyewe.

Wengi huacha nafasi wazi katikati ya skripti, ndani ya alama za kunukuu, ili seva ipachike jina humo. Njia hii ni mbovu hata pale inapoonekana kufaulu, na majina ya Afrika Mashariki huudhihirisha ubovu wake upesi: ritifaa ya Ng'ang'a huifunga nukuu kabla ya wakati, herufi zinazofuata husomwa kama amri, na skripti nzima hukwama. Violezo vingi hujihami kwa kuigeuza ritifaa kuwa &#x27;, lakini kwa kuwa kivinjari hakifasiri misimbo ya HTML ndani ya skripti, jina la mtu, ambalo ni haki yake kuliona likiandikwa sawasawa, huonekana limevurugwa.

Kuigeuza data kuwa JSON, mfumo wa kuandika data kwa maandishi uliotangazwa na Douglas Crockford, huondoa tatizo la nukuu, ila hakutoshi. Kivinjari hutafuta alama ya kufunga skripti bila kujali kama imo ndani ya nukuu. Mtu mwenye nia mbaya akiiandika katika maoni yake, skripti hukatika hapo, na maneno yanayofuata yanaweza kuwa skripti yake mwenyewe, inayotekelezwa katika simu za watu wengine.

Django, mfumo wa kutengenezea tovuti uliozaliwa katika gazeti moja la Lawrence, Kansas, uliongeza mwaka 2018 kichujio kiitwacho json_script. Kichujio hiki huiweka data katika kisanduku cha aina ya application/json, ambacho kivinjari hakikitekelezi, na huigeuza alama ya < kuwa \u003C, hivyo kisanduku hakiwezi kufungwa kwa hila; kisha skripti hukitafuta kwa kitambulisho chake na kuisoma data kama data. Hata hivyo, yeyote anayefungua chanzo cha ukurasa huyaona yote yaliyomo, kwa hiyo funguo za siri hubaki kwenye seva.