Bundi wa Sokoke ataponea wapi msitu ukiisha?

NDEGE mdogo anayeweza kutoshea kwenye kiganja cha mtu mzima anazidi kukosa makao katika Pwani ya Kenya.

Huyo ni bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake ni sentimita 17 hivi. Wanasayansi walimtambua katika miaka ya 1960 ndani ya Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hapatikani kwingineko, hadi alipoonekana katika misitu iliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, katika miaka ya 1990.

Mchana hutulia kwenye matawi ya chini, rangi ya manyoya yake ikimficha. Giza liingiapo, hutoka kuwinda wadudu kama vile panzi, nyenje na mbawakawa.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita 420 mraba hivi, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, eneo hilo lote si makao ya bundi huyu. Yeye hupendelea vichaka vilivyosongamana kwenye udongo mwekundu, wala si kawaida kumpata penye mchanga mweupe ambako mirihi hustawi. Hivyo basi, sehemu hiyo ikiharibiwa, hana pa kuhamia.

Uharibifu wenyewe haufanyiki kwa kufyeka msitu mzima. Wakataji huchagua mti mmoja mmoja, hasa muhugu, unaothaminiwa na wachonga vinyago. Wengine hutafuta fito, kuni na makaa. Kwa anayepita barabarani msitu huonekana ungali imara, ilhali ndani unazidi kuwa mwembamba.

Athari zimeonekana. Mwaka wa 1993 watafiti walikadiria kuwepo kwa jozi 1,000 hivi za bundi hao katika msitu huo. Kufikia 2008, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya moja kwa tano.

Dhana kwamba mlio wa bundi huashiria msiba haimsaidii ndege huyu kupata watetezi. Lakini si rahisi pia kumtaka mkazi asiye na kipato aache kukata mti kwa sababu ya ndege asiyewahi kumwona.

Ndiyo maana mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka wa 1993, una umuhimu. Wakulima hufuga viluwiluwi vya vipepeo ambavyo huuzwa ng'ambo, nao msitu huwa chanzo cha riziki ungali umesimama.

Doria za askari wa misitu zitaendelea kuhitajika. Hata hivyo, hazitatosha iwapo jirani wa msitu hatafaidika na mti uliosimama kuliko ule uliokatwa.