Namba Kubwa Isikutishe

Wanafunzi wa elimu ya watu wazima, nanyi mlio darasani Uwemba, chukueni kalamu na daftari.

Leo tutapima namba moja kubwa, nayo ni yenu wenyewe. Katika sensa ya mwaka 2022 watu wa Mkoa wa Njombe walihesabiwa wakawa 889,946. Iandikeni, kisha someni kwa sauti: laki nane, themanini na tisa elfu, mia tisa arobaini na sita.

(Kimya kidogo, wanafunzi waandike.)

Swali la kwanza: namba hii ni shufwa au witiri? Shufwa hugawanyika kwa 2 bila baki. Witiri hubakiza 1. Usihangaike kugawanya namba nzima. Makumi, mamia na maelfu yote hugawanyika kwa 2, basi tazama tarakimu ya mwisho tu. Hapa ni 6, kwa hiyo namba ni shufwa. Sensa ya mwaka 2012 ilitoa 702,097. Mwisho ni 7. Hiyo ni witiri.

Swali la pili: je, 889,946 ni namba tasa? Tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, kama 7 au 13. Yetu imekwisha kugawanyika kwa 2, basi si tasa.

Swali la tatu: yagawanyika kwa 9? Kila kumi ukiligawa kwa 9 hubaki 1. Kila mia vivyo hivyo, na kila elfu. Ndiyo maana yatosha kujumlisha tarakimu: 8+8+9+9+4+6 ni 44. 44 haigawanyiki kwa 9, basi na namba yenyewe haigawanyiki.

Mtauliza, faida yake nini? Tuseme watu 9 wameuza viazi vyao pamoja kwa shilingi 1,246,500. Jumla ya tarakimu ni 18, nayo hugawanyika kwa 9. Kila mmoja apate 138,500 kamili. Mwenye kugawa akisema, "Zimebaki shilingi kidogo, hazigawanyiki," wewe wajua kwamba hakuna baki.

Lakini angalia. Kama fedha zilikuwa 1,264,500, na karani akageuza 6 na 4, jumla ni 18 vilevile, na kila mmoja amepoteza shilingi 2,000. Kipimo hiki hakioni kosa hilo. Macho yako ndiyo yatakayoliona. Kwa hiyo soma hati kwanza, tarakimu kwa tarakimu, ndipo upime.

Kazi ya nyumbani: mwaka 2022 watu wa Tanzania nzima walihesabiwa 61,741,120. Je, ni shufwa au witiri? Ni tasa? Yagawanyika kwa 9?

Mpaka somo lijalo, kwaherini.