Oili ya Sumaku: Kweli na Uongo wa Gereji za Rongai

Gusia oili ya sumaku kwenye gereji yoyote ya Ongata Rongai na kila fundi atakuwa na yake ya kusema. Tuyachambue.

"Sumaku ndiyo inayosukuma pistoni." Si kweli, na hapa ndipo wengi hupotea. Oili hii ina unga laini sana wa chuma, unaoweza kufika asilimia 20 hadi 40 ya ujazo wake. Inapitishwa kwenye upenyo wa takriban milimita moja uliozungukwa na koili. Umeme ukiingia kwenye koili, chembe za chuma zinajipanga foleni kukata njia, kama abiria wa Rongai pale stendi ya matatu ya Railways saa kumi na mbili jioni, na oili inapita kwa shida. Hiyo ndiyo vali nzima. Haina hata kipande kimoja kinachosogea. Sumaku inazuia tu. Kusukuma kunabaki kuwa kazi ya pampu, na kwenye shoki za gari ni kazi ya matuta, ambayo Barabara ya Magadi haijawahi kuishiwa.

"Oili inageuka jiwe." Nusu kweli. Inakuwa uji mzito unaoshikilia mpaka nguvu ya kuusukuma izidi kiwango fulani, kisha unaachia. Ukiongeza umeme, kiwango hicho kinapanda. Ukizima, oili inatiririka tena, yote kwa muda wa milisekunde chache. Kupanda na kushuka huko kidogo kidogo ndiko kunakoipa thamani.

"Mwaga unga wa chuma kwenye tangi la tipa, utapata kitu kile kile." Uongo mtupu, tena wa gharama. Ndani ya pampu ya haidroliki, nafasi kati ya chuma na chuma hupimwa kwa mikroni. Unga utaisaga pampu, utakwamisha vali na kuziba filta. Ile sumaku ambayo mafundi huweka ndani ya tangi ina kazi ya kinyume kabisa: kunasa chuma kisizunguke. Hata oili halisi ya kiwandani, pamoja na viungo vyake vyote, unga wake hutuama na pia hukwaruza, ndiyo maana mara nyingi hufungiwa kwenye silinda yake peke yake.

"Ni uvumbuzi wa juzi." Si kweli. Jacob Rabinow aliionyesha Marekani mwaka wa 1948, akiitumia kwenye klachi. Magari ndiyo yaliyochelewa: Cadillac Seville STS ilitoka na shoki za aina hii mwaka wa 2002, kisha zikafuata baadhi ya Audi TT na Range Rover Evoque.

"Oili zote za sumaku ni mamoja." Hapana. Ipo ferofluidi, aliyoibuni Steve Papell wa NASA mwaka wa 1963, yenye chembe ndogo mno za kama nanomita 10. Hiyo haigandi kiasi cha kuzuia mzigo. Kazi yake ni kwenye sili na kupoza koili za spika ndogo za sauti kali. Huenda matatu yako ya Rongai, ruti ya 125, inapiga muziki kwa msaada wake.

"Shoki ikivuja, jaza oili ya kawaida." Si kweli. Oili ya kawaida haiijui sumaku; kompyuta ya gari itatuma umeme bure. Kubadilisha zote ziwe shoki za kawaida kunawezekana, ila taa ya onyo itawaka kwenye dashibodi mpaka kompyuta idanganywe kwa kifaa maalum.

Kenya huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo shoki hizi zinaweza kutua Mombasa zikiwa zimechoka tayari. Kabla hujalipa, mwambie fundi apime koili kwa mita na atazame fimbo ya kila shoki. Akikuta uchafu wa oili ya kijivu, shusha bei au ondoka.