Hodhi Linalokawia Kukauka

Maji ya kuogea yakikawia kwenda zake, mwenye nyumba aghalabu hukimbilia duka la vifaa akanunua dawa kali, akaimimina tunduni kabla hajajiuliza maji yamezuiliwa wapi. Na kwa nyumba za Nassa, ambazo baadhi zimejengwa kwenye mchanga wa Ghuba ya Speke na baadhi mbugani penye udongo mweusi, swali hilo ndilo nusu ya tiba.

Basi kwanza funua chemba, kile kisima kidogo cha saruji chenye mfuniko ambamo bomba la bafu hupitia kabla ya kufika shimoni, kisha mwaga ndoo ya maji bafuni utazame. Chemba ikiwa tupu na maji yakija kwa kudondoka, kizuizi kimo baina yake na bafu. Ikiwa imejaa, hata ukichokoa tundu la hodhi kutwa kucha hutapata nafuu, maana maradhi yako mbele.

Kizuizi cha karibu hukaa katika ile kona ya bomba iliyopinda ambayo mafundi huiita trapu. Alexander Cumming, mtengeneza saa wa Uskochi, alipewa hataza mwaka 1775 kwa choo chenye bomba la kupinda namna hiyo, na hikima yake ni kuwa maji yanayosalia humo huizuia harufu ya shimo isipande nyumbani. Lakini pindo lizuialo harufu hunasa nywele pia, nazo nywele zikanasa sabuni, na mchanga wa miguuni ukatuama juu yake. Atumiaye maji ya kisima yenye chumvichumvi huzibikiwa upesi kuliko atumiaye maji ya ziwa, kwani chokaa iliyomo hushikana na sabuni ikafanya utando usioyeyuka.

Ondoa kichujio, ingiza waya mwembamba uliopindwa ncha, uzungushe, uvute taratibu: litatoka shungi la kijivu, lenye utelezi na uvundo, refu kuliko ulivyodhani. Baadaye tia maji ya kufunika ule mpira wa kuzibulia wenye mpini, ziba kwa kitambaa kibichi tundu la juu la hodhi ili nguvu isipotee huko, ndipo usukume na kuvuta. Maji yanayochemka usiyamimine katika bomba la plastiki, ambalo hulegea kwa joto la karibu nyuzi 80. Ama kostiki soda, mimi siipendi: huunguza macho na ngozi, hula alumini, na isipozibua humngoja bombani fundi atakayelifungua. Kuichanganya na asidi, au kuchanganya asidi na jiki, ni kujitafutia hilaki.

Chemba ikijaa wakati wa masika na kupungua kiangazi, usimlaumu aliyeoga. Udongo wa mbuga hupasuka ukikauka, hata shimo likaonekana lanywa vizuri, lakini ukilowa huvimba na kujifunga, maji yakakosa pa kwenda. Kulichimba shimo lile lile liende chini zaidi, kama wengi wafanyavyo, ni kupoteza fedha iwapo huko chini udongo ni ule ule. Afadhali mtaro mrefu usio na kina kirefu, uliojazwa kokoto, juu ya mwinuko wa kichanga ukipatikana, mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko wake.