Kutoka Lumumba Hadi Sayansi: Chuo Kikuu na Mafundi wa Kariakoo

Wengi wanaokatiza Mtaa wa Lumumba kuelekea Kariakoo, mizigo kichwani na honi za bodaboda masikioni, hawajui kwamba hapo ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipozaliwa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiotimia ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita kama 13 kutoka mjini.

Kule kulikuwa na ardhi na utulivu. Soko la Kariakoo likabaki na mafundi wake.

Wakati huo, mataifa mengine yalikuwa yameanza kutafuta namna ya kukisogeza chuo karibu na karakana. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitenga sehemu ya ardhi yake na kuikodisha kwa kampuni za teknolojia. Mwaka 1970 Trinity College ikafanya hivyo Cambridge, Uingereza. Mpango wenyewe ni mwepesi kuuelewa: mtafiti, mhandisi na mwenye mtaji wanapangishwa eneo moja, ili wazo lililotoka maabara lisikae kabatini bali ligeuke bidhaa.

Dar es Salaam ilifika huko kwa njia ndefu, kipande baada ya kipande. Mwaka 1968 liliundwa Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, lililojulikana kama UTAFITI. Mwaka 1973 Mlimani ikapata Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Wajerumani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaanzishwa hapo taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, IPI, iliyobuni mashine za kufaa viwanda vidogo. Sheria ya mwaka 1986 ikaleta Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyochukua nafasi ya UTAFITI.

Leo kondakta wa daladala akiita "Sayansi!" pale Kijitonyama, anataja kituo kilicho jirani na jengo la COSTECH. Chuo Kikuu nacho kina kampasi ya teknolojia ya habari na mawasiliano Kijitonyama hiyohiyo. Katika jengo la COSTECH ndimo ilimoanzia Buni Hub, ukumbi wa wabunifu uliopata msaada wa Finland, pamoja na DTBi, kiatamizi cha kulea kampuni changa za teknolojia. Katika miaka ya 2010 vijana wa Buni waliunda printa ya kuchapa vitu vya umbo kamili, wakitumia vipuri vya taka za kielektroniki. Vitu ambavyo wengine walikuwa wamevitupa vikawa mtambo unaofanya kazi.

Chuo pia kimewahi kuwafuata wazalishaji mahali walipo. Kuanzia mwaka 2006, Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliongoza kongano, yaani mtandao wa ushirikiano, la wakulima wa mwani. Kina mama waliokuwa wakiuza mwani mkavu kwa bei ya kutupa wakajifunza kuusaga na kutengeneza sabuni. Hakuna jengo la vioo lililosubiriwa.

Kariakoo inastahili jambo kama hilo. Katika Mtaa wa Aggrey fundi simu huketi nyuma ya meza ndogo, taa imeinamishwa, bodi ya simu imebanwa. Anaing'oa kwa joto chipu iliyoungua, anapachika nyingine aliyoitoa kwenye simu mbovu, kisha anapima umeme kwa mita. Ujuzi huo aliurithi kwa fundi mwenzake, na mara nyingi hana cheti cha kuuthibitisha.

Mwendo wa miguu usiochosha kutoka hapo, kwenye makutano ya barabara za Morogoro na Bibi Titi Mohamed, ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi na ikapewa hadhi yake ya sasa kwa sheria ya mwaka 1997. Ina wahandisi, karakana na maabara. Wakuu wa DIT, COSTECH na Jiji wawafungulie mafundi wa Kariakoo na wa Gerezani jirani milango ya karakana na maabara hizo jioni, maduka yakishafungwa, wapimiwe ujuzi wao na kusaidiwa kuunda bidhaa zao wenyewe.

Na wewe msomaji uliyebuni kifaa, usikiache uvunguni. Peleka maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla hujakionyesha hadharani, kisha panda daladala ushuke Sayansi.