Namba za risasi: Zinapima nini na husomwaje?

Na Mwandishi Wetu, Musoma

WASOMAJI wa habari za polisi na mahakama mkoani Mara wamezoea kukutana na maneno kama "risasi za SMG", "bunduki ya .458" au "gobore". Ni wachache wanaofahamu namba hizo zinapima nini, ingawa zinaweza kuongeza au kupunguza uzito wa ushahidi dhidi ya mshitakiwa.

Kipimo hicho huitwa kaliba. Ni upana wa tundu la mtutu wa bunduki, na hivyo upana wa kichwa cha risasi kinachopita humo. Hakipimi urefu wa bunduki wala nguvu yake.

Kaliba huandikwa kwa milimita au kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo .375 ni sehemu 375 kati ya 1,000 za inchi, sawa na milimita 9.5. Bunduki ya .458 ina upana wa milimita 11.6.

Hizo mbili ni bunduki za wanyama wakubwa. Risasi ya .375 inayotumika zaidi ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1912, na ya .458 Marekani mwaka 1956. Wilayani Bunda, inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ganda la aina hiyo likiokotwa porini huelekeza macho kwenye tembo au nyati, si kwenye kanga.

Shotgani hupimwa kwa njia ya zamani zaidi. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi nyeusi, ikigawanywa katika gololi 12 zilizo sawa, kila gololi itaenea katika mtutu huo. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa na wenye leseni. Risasi ya namba 20 ikitumbukizwa katika shotgani ya namba 12 huweza kuteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mwenye bunduki akidhani haina kitu, akaweka nyingine na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka mikononi mwake.

Mara nyingi kaliba hufuatwa na namba ya pili. Risasi ya SMG huandikwa 7.62 x 39, ambapo 39 ni urefu wa ganda kwa milimita. Bunduki ya G3 hutumia 7.62 x 51. Kaliba ni moja, lakini ganda la pili ni refu na hubeba baruti nyingi zaidi, hivyo risasi hizo haziwezi kubadilishana.

Hata hivyo, jina la kaliba si kipimo kamili. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyozunguka inayoifanya risasi iende ikizunguka na kunyooka. Upana ukipimwa kati ya kingo za mifereji hiyo hupatikana 7.62, lakini kichwa cha risasi ya SMG hufikia milimita 7.9 ili kijaze mifereji yenyewe.

Katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, vilivyoongozwa na Amiri Jeshi Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, SMG na SAR zilikuwa miongoni mwa silaha zilizobebwa na askari wa Tanzania. Baadhi ya silaha za vita hivyo ziliishia mikononi mwa raia na kutumika katika wizi wa mifugo mkoani Mara.

Jambo muhimu ni kwamba SMG na SAR hutumia risasi ya aina moja. Hivyo, ganda la 7.62 x 39 lililookotwa zizini halithibitishi peke yake kwamba mwizi alikuwa na SMG.

Ili kuihusisha bunduki fulani na tukio, mtaalamu hulazimika kuifyatua, kisha kulinganisha kwa hadubini alama ambazo kipigio huacha kwenye fataki, pamoja na mikwaruzo ya mifereji kwenye kichwa cha risasi. Kaliba huondoa bunduki zisizohusika. Alama ndizo zinazoitaja inayohusika.

Kwa gobore kazi ni ngumu zaidi. Mtutu wake ni laini, hauna mifereji, na hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kutoka mdomoni. Halina kaliba rasmi.

Aidha, ni makosa kudhani kuwa kaliba kubwa ndiyo hatari zaidi. Risasi ya bastola ya milimita 9 huenda kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde, wakati ya SMG, iliyo nyembamba zaidi, hukaribia mita 700. Kasi hiyo ndiyo huongeza madhara mwilini.

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kumiliki risasi bila kibali ni kosa, hata kama mhusika hana bunduki. Anayeokota risasi shambani au mtoni asiichezee wala kuipeleka nyumbani. Aiache ilipo, awazuie watoto kusogea, na atoe taarifa kwa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji.