Lugha ya Karakana na Ubunifu wa Mafundi

Wapo wanaoshikilia kwamba watu wa asili mbalimbali wakikusanywa mahali pamoja pa kazi, mawazo mapya hujizalia yenyewe. Rai hii ina upungufu. Mafundi mia waweza kufanya kazi chini ya paa moja pasipo kupokezana ujuzi wowote, endapo hawana lugha ya kubishania kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa jiko la makaa. Jiko la bati lililozoeleka mijini mwetu huhusishwa na mafundi wa Kihindi waliokuja na reli, ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Mapema katika miaka ya 1980 likaja wazo jingine kutoka Thailand, la jiko la ndoo lenye ukuta wa udongo uliochomwa. Jiko la Kenya lililotokana na mawazo hayo mawili halikuwa nakala ya lolote kati yake. Bati lilibanwa kiunoni, likapanuka juu na chini. Kigae kikakaa nusu ya juu tu. Makaa yanayookolewa hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 30 na 50, nalo si jambo dogo kwa mama anunuaye makaa kwa kopo. Fundi wa bati hutengeneza ganda, mfinyanzi hutengeneza kigae, na kila mmoja humhitaji mwenziwe.

Yasikilizwe basi maneno ya mafundi wetu. Karakana ni neno la Kiajemi lililopitia Bara Hindi. Msumari ni Kiarabu. Parafujo ni Kireno. Spana ni Kiingereza. Nyundo, udongo na jiko lenyewe ni Kibantu. Hakuna kamati iliyoketi kuyaidhinisha. (Sisi tukaao vyuoni tungali tukijadili istilahi.)

Kinyume chake ni mkutano wa kubuni chombo unaoendeshwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, kisha fundi akaitwa kupewa vipimo. Tofauti za utamaduni zimo humo, ila ubunifu haumo, kwa sababu yule ajuaye kwamba bati litapasuka pale linapokunjwa hana nafasi ya kulisema. Idara za lugha zingeweza kuanza na kazi ndogo: kukaa Kamukunji na daftari, na kuandika majina ya sehemu za jiko kama wanavyoyataja wenyewe wanaoligonga.